Ng'ombe wa Jonkonu

Buffalo, 9 Juni 2024

Mpendwa Baba,
Bwana asifiwe. Mgongo unaendeleaje? Huku mimi ni mzima.

Nina ombi. Verna, Mjamaika ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, aliniona harusini nikicheza kikwetu, mikono juu kama pembe za ng'ombe. Sasa anataka nicheze nao karnivali ya Agosti. Wana ngoma ya babu zao, Jonkonu, ambamo mtu mmoja huvaa kichwa cha ng'ombe. Huyo ni mimi. Sitaki kucheza bila baraka yako, ila nimeshawaambia ndiyo. Picha ya kichwa imo humu.

Binti yako,
Ingabire

Louisville, 23 Juni 2024

Mwanangu Ingabire,
Asifiwe milele. Mgongo unauma, na barua yako imeuongezea.

Hapana. Mimi ni mzee wa kanisa hapa mtaani kwetu Newburg. Juzi tu nimemtoa kwenye kwaya binti wa mzee mwenzangu Semahoro kwa ajili ya dansi. Wakikuona wewe barabarani na mkia, nitaficha wapi uso?

Halafu zile pembe ni za mbuzi. Za ng'ombe wetu ni ndefu, hupanda juu. Sisemi mzitengeneze. Nasema tu.

Baba yako,
Gatera

Buffalo, 14 Julai 2024

Mpendwa Baba,
Salamu katika Bwana. Nimemwambia Verna sichezi, kisha nikalia garini. Pembe tumezirekebisha. Atavaa fundi bomba mmoja, mtu wa Barbados. Video ya mazoezi iko kwenye simu ya Mama.

Binti yako,
Ingabire

Louisville, 21 Julai 2024

Mwanangu,
Amani kwako. Nimeitazama mara sita, mpaka mama yako akaninyang'anya simu. Huyo fundi anarukaruka kama aliyekanyaga moto. Ng'ombe hutembea polepole, anajua anatazamwa. Tangu wenye bunduki walipotunyang'anya kundi letu la ng'ombe kule kwetu sijashika fimbo, na sikudhani nitalia mbele ya simu.

Vaa wewe. Nakuja kwa basi kukufundisha kutembea. Mtu wa Newburg asijue.

Baba yako,
Gatera

Louisville, 1 Septemba 2024

Mwanangu,
Bwana asifiwe. Nilifika salama kutoka huko, wazee wa kanisa wakaniita. Semahoro alikuwa na video: wewe na pembe, mimi nyuma yako na fimbo, napiga mluzi. Wakaniuliza kama nilicheza karnivali. Nikawajibu, "Sikucheza. Nilikuwa nachunga."

Wote wamekulia zizini, wanajua kuchunga ni nini. Hata hivyo wakanisimamisha uzee wa kanisa miezi mitatu, sheria ni sheria, nami nikakubali. Lakini Semahoro alinifuata hadi kwenye gari, akauliza kwa sauti ya chini kama mwakani Verna atahitaji ng'ombe wa pili, maana binti yake ana shingo nzuri.

Nimemwambia nitakuuliza.

Baba yako,
Gatera