Kiapo cha Muli

Jumatatu, 2 Machi 1936

Uji, dawa ya magoti, kisha kalamu. Bwana DC anataka historia ya kazi yangu, ukurasa mmoja, aisome mbele ya watu siku ya kunipa kabuti la kustaafu. Nimeandika: tarishi Kitui, karani Kitui, halafu mzee wa baraza hapa Mbooni, kuamua kesi, mpaka magoti yakakataa. Nikaongeza "kwa haki." Nikafuta. Nikaandika tena. Mke wangu anauliza kama namwandikia Mungu barua.

Jumatano, 4 Machi

Nimeazima kitabu cha kesi pale ofisini ili nikumbuke mambo. Afadhali ningekiacha.

Muli na Nzioka, shamba la mtoni, miaka minne iliyopita. Kila mmoja alisema ni la baba yake, mashahidi wote wamekufa. Tukaleta kithitu, kile kitu cha kuapia ambacho huua mwongo. Muli akakipiga kwa fimbo mara saba, akaapa. Sharti tuliliweka sisi: akifa kabla ya mavuno mawili, kiapo kimemuua, ni mwongo. Alikufa hata mahindi ya kwanza hayajakauka. Shamba tukampa Nzioka.

Na juu ya ukurasa, mwandiko wangu mzuri: "Mwenye kuapa ana afya njema."

Uongo mtupu. Asubuhi ile nilimwona nyuma ya ofisi akikohoa damu kwenye kitambaa. Mgonjwa haapishwi. Hata mtoto wa Mkamba anajua hilo, unamngoja apone kwanza. Mimi sikungoja. Bwana DC alikuwa anakuja kukagua kesi zilizolala, nami nilitaka kitabu kisafi. Nikaandika, nikapiga muhuri, nikaenda kula nyama. Nakumbuka hata ilikuwa ya mbavu. Kinyaa gani hiki.

Ijumaa, 6 Machi

Kalondu, mjane wa Muli, amekuja. Nzioka sasa anataka hata kile kipande chenye nyumba ya mjane huyu. Kesi ni Alhamisi. Akishindwa, yeye na bintiye hawana pa kulala.

Nilimpa kiti, hakukaa. Alisimama mlangoni kama mtu anayeogopa kukichafua. Watu wamemzoesha hivyo. Mji ulioguswa na kithitu, hakuna anayekula humo. Bintiye haposwi. Muli mwenyewe hakuliliwa; anayeuawa na kithitu haliliwi, anatupwa porini na watu wananawa.

Aliniuliza neno moja. "Mzee, siku ile ulimwona alivyokuwa?"

Nikasema sikumbuki.

Sikumbuki! Mzee mzima, mvi kichwani, nasimama mbele ya mwanamke yule na kusema sikumbuki. Alipoondoka nilitema mate, na si kwa sababu yake.

Jumapili, 8 Machi

Tumeimba, tumeomba, tumesalimiana. Baada ya ibada nimemweleza Mutiso, ambaye sasa ndiye mkuu wa baraza. Hakushtuka hata kidogo. Kumbe naye alikiona kile kitambaa. Wote tulikiona!

"Ukiangusha kiapo kimoja, vyote vitaanguka," akasema. "Kila tuliyemhukumu atakuja na kikohozi chake." Akacheka. Kisha akauliza kabuti langu litakuwa la rangi gani.

Nimekaa na mtu huyu benchi moja miaka mingi. Tumekula sahani moja. Leo nilimwangalia meno akicheka nikageuza uso, halafu nikakumbuka kwamba yeye hakuandika ule mstari.

Jumanne, 10 Machi

Mvua bado. Mke wangu amejua yote. Amesema nikinyamaza Alhamisi nitajipikia mwenyewe mpaka nife. Hatanii.

Alhamisi, 12 Machi

Nimesema.

Mutiso aliniamuru nikae, eti mimi si mzee wa baraza tena. Sikukaa. Nikawaambia mtu aliapishwa akiwa mgonjwa, mimi nilimwona, na maneno ya afya njema niliyaandika nikijua ni uongo. Nzioka akapiga kelele kwamba mjane amenilisha kitu. Watu wakacheka. Kijana mmoja aliyekuwa akiniamkia kwa mikono miwili aliniangalia kama ninanuka.

Wazee walitoka kushauriana, wakakaa huko mpaka jua likageuka. Waliporudi hawakunitazama. Kiapo kimefutwa. Shamba la mtoni litaamuliwa upya. Nyumba ya Kalondu isiguswe. Kuhusu kabuti, Mutiso amesema atamshauri Bwana DC vizuri. Namjua. Lipotelee mbali.

Nje, Kalondu alinisubiri kando ya njia. "Kwa hivyo bwanangu alikuwa mkweli?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimechoka kusema vitu nisivyovijua. Nikamwambia: shamba lilikuwa la nani, sijui. Ninachojua ni kwamba kithitu sicho kilichomuua. Ni kifua.

Akafikiri. "Hiyo inatosha," akasema, akashika njia.

Hakuniaga. Haki yake.

Jumamosi, 14 Machi

Asubuhi nikikamua ng'ombe nimesikia kilio kutoka ng'ambo ya mto. Sauti moja. Halafu ya bintiye. Halafu wanawake wa kilima cha pili wakapokea, na wa kilima cha juu, wakawa wanateremka huku wakilia.

Nilidhani kuna aliyefariki. Mke wangu ndiye aliyeelewa. Akafunga leso akaenda.

Kalondu anamlilia Muli. Miaka minne hakuruhusiwa.

Kwamba tuliwanyima shamba nilijua tangu mwanzo. Hii ya kulia haikuwahi kunijia akilini hata siku moja.

Nilitembea mpaka kwenye uzio. Sikujua ningesimama wapi kati ya wale watu. Nikarudi, nikakaa kwenye kigoda, nikamaliza kukamua.