Baba na Mita Janja

Somerton, Arizona
20 Agosti

Mpendwa Shangazi Ofelia,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje baada ya upasuaji? Natumaini umeanza kukanyaga chini bila fimbo, na kwamba baridi ya huko Kodiak haikutafuni sana mifupa. Sisi huku tu hai, tunamshukuru Mungu kwa hilo, ingawa kula na kulala bado ni kwa kujilazimisha.

Usijilaumu kwa kutofika mazikoni. Tulimlaza kaka yako kando ya Mama, na majirani walileta vyakula, tamale za unga wa mahindi, mpaka jokofu likakataa kufungwa.

Kwenye simu uliniuliza Baba alikufaje, nami nikashindwa kusema, nikalia tu. Nimeona nikuandikie. Wewe ndiye uliyebaki wa tumbo moja naye.

Unazikumbuka paneli za sola alizoweka juu ya paa, akakutumia na picha? Miaka ya mwanzo zilimpa raha. Umeme aliowapa watu wa kampuni mchana alirudishiwa jioni, bili ikawa kama haipo. Halafu kampuni ya umeme ikaja kubadilisha mita. Wakafunga hii wanayoiita mita janja, inayohesabu saa kwa saa, na utaratibu nao ukageuka. Umeme wake wa mchana wakawa wanauchukua kwa bei ya kutupa. Jioni, watu wote wamerudi nyumbani na jua linazama, wanamuuzia wa kwao kwa bei ya kuumiza.

Haikuwa shida ya fedha, Shangazi. Pensheni ilimtosha. Kilichomchoma ni kuonewa. Si unamjua? Alisimamia wakata letusi mashambani tangu ujana wake, na hakuna tajiri aliyewahi kumzidi maneno. Siku ile mita ilipofungwa, Don Chema wa jirani alimchokoza juu ya ua: "Eusebio, hiyo mita janja itakufanya mjinga!"

Baba akacheka. "Ngoja uone nani mjanja. Jioni hawanipati hata kwa chambo."

Tangu hapo, bei ikipanda tu, kiyoyozi kinazimwa. Atakaa kibarazani na fulana yake, taulo bichi shingoni, miguu ndani ya ndoo ya maji, akitupiana maneno na Don Chema. Nilimbembeleza. Nikamgombeza. Nikamwambia bili nitalipa mimi.

"Graciela, mwanangu, jua liko juu ya paa langu," alisema. "Nimewapa mchana kutwa. Sasa jioni niwapigie magoti?"

Nikiwasha, nikigeuka tu, amezima.

Mwezi wa Julai joto lilikataa kushuka hata baada ya jua kuzama. Siku ile nilikuwa zamu, jikoni hospitalini. Niliporudi kibaraza kilikuwa kitupu. Nilimkuta ndani, kwenye kiti chake, ngozi kavu, ya moto kama sufuria. Nilimwita. Akafumbua macho, akanitazama kwa upole mwingi, akaniita Herminia.

"Herminia," alisema, "usiwashe sasa. Bado kidogo."

Aliniita kwa jina la Mama, Shangazi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Gari la wagonjwa lilikuja haraka, madaktari walimzungushia barafu mwili mzima, lakini alfajiri hatukuwa naye.

Tulipokwisha kuzika, bili ya Julai ikaja. Juu kabisa wameandika kwamba nyumba yetu imetumia umeme wa jioni kidogo kuliko nyumba zote za jirani, wakachora na uso unaotabasamu. Hongera, Eusebio. Nilikaa sakafuni nikiwa nayo mkononi. Hata kutukana sikuweza.

Jioni hiyohiyo nikasikia kiyoyozi cha Don Chema kimenyamaza. Naye alikuwa amemwiga Baba. Nikaruka ua, nikamkuta amekaa kwenye joto, shati limemgandia mwilini.

"Don Chema, washa."

"Binti, saa hizi bei..."

"Washa! Au unataka nikachague jeneza jingine?"

"Mimi ndiye niliyemchokoza," alisema. "Mzaha wangu ule. Mimi ndiye, Graciela."

Ilikuwa kweli, na si kweli. Nilikwenda ukutani nikawasha mwenyewe. Tukakaa pale, yeye na mimi, tukisikiliza mashine ikivuma, mpaka giza likaingia.

Msalimie Mjomba Rogelio, na Maricela na watoto wake. Don Chema anakupa pole.

Mungu aukaze mguu wako uweze kuja Novemba, Siku ya Wafu, tukae naye makaburini. Wakati huo joto litakuwa limepungua.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye sana,
Graciela