Taa Iliyopewa Jaketi Lako

Mpendwa Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa nimekukasirikia. Ulijue hilo kwanza.

Taa yako imerudi. Wenzako waliiokota asubuhi baada ya dhoruba, inaelea peke yake, bado inawaka juani. Waliniletea hapa Kirumba kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima. Wao waliogelea hadi wakaokolewa. Wewe ziwa halijakutoa mpaka leo.

Unakumbuka Jumapili tuliyoitengeneza? Tulikuwa tumetoka kanisani. Ulikuwa umechoshwa na karabai za tajiri wenu, zinazozimwa na upepo kabla dagaa hawajakusanyika. Ukakata dumu la mafuta ya kula, ukapanga balbu ndogo ndani, ukavuta waya hadi kwenye betri ya pikipiki. Mimi nilishika dumu, Neema koleo. Ukabonyeza swichi, kimya. Neema akacheka.

"Baba, waya mweusi hujaurudisha kwenye betri. Mwalimu anasema umeme ukitoka lazima urudi, la sivyo taa haiwaki."

"Kumbe umeme nao ni mvuvi," ukasema, na tukacheka hadi jirani akachungulia.

Ikawaka. Lakini tulipoiweka kwenye beseni ililala ubavu, nikaidaka kabla maji hayajafika kwenye betri. Ndipo ulipoingia chumbani ukatoka na jaketi lako la kuokolea maisha, na wembe mkononi.

"Baba Neema, umerogwa?"

"Sasa Mama Neema, nani analivaa? Linanibana mabega. Taa ndiyo inayotulisha."

Nilikunyang'anya wembe, ukachukua kisu. Ukavitoa vile vipande vyeupe vinavyoelea, ukavifunga chini ya dumu kwa mpira wa tyubu. Taa ikasimama wima, ukapiga makofi kama mtoto. Jaketi likabaki nyuma ya mlango, limesinyaa, na mimi nikawa nalipita kila siku nikienda kufagia.

Kazi yako ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniua. Mawimbi yaliyopindua mtumbwi hayakulegeza hata kiungo kimoja. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwetu amezaliwa mapema mno, Neema hata shule hajamaliza.

Kaka yako amekuja kutoka Ukerewe. Anataka tuzike mgomba badala yako, kama ilivyo desturi ya kwenu mtu asipopatikana. Nilimjibu vibaya.

"Sitaulilia mgomba. Mume wangu hajafa."

"Shemeji," akasema taratibu, "ziwa likikataa kumtoa, sisi tumlaze vipi?"

Nilimwacha amekaa pale, nikaenda jikoni. Nilikuwa nakungoja, mume wangu. Kila mlango uliposukumwa niliinuka.

Jana jioni nilimtafuta Neema nyumba nzima. Nikamkuta ufukweni, ameingia majini hadi kiunoni, anaisukuma taa ielekee mbali.

"Naiweka ili baba aone njia," akaniambia, meno yanagongana.

Nilimtoa kwa kumburuta. Nilimpiga, kisha nikamkumbatia tukalia wote. Kumngoja baba yake kutamzamisha na yeye. Basi nikamwendea kaka yako nikamwambia nimekubali.

Leo nimefungua mpira wa tyubu. Vile vipande nimevirudisha kwenye jaketi, nikashona kwa uzi mweusi maana mwingine sikuwa nao. Taa haitaelea tena. Nimeitundika ndani, Neema asomee.

Kesho tunavuka kwenda kwenu. Mgomba utakatwa shambani kwa kaka yako, utafungwa sanda, utalazwa karibu na kaburi la mama yako. Nimeomba kwamba kabla ya sanda niuvike jaketi mwenyewe na kufunga kamba zote, za kifuani na za kiunoni. Kaka yako amesema jambo hilo halimo katika desturi. Nimemwambia kuanzia kesho limo.

Nakuaga, baba wa mwanangu. Lala. Na safari hii usiniambie linakubana mabega.

Mkeo,
Mama Neema