Supu Niliyosema Haina Ngano

Mpendwa Eddo Samsam,

Assalaam aleikum. Tunakuita eddo, shangazi yetu sote, kwa sababu unasikiliza mambo ya watu bila kuyatangaza, na mimi nimefika mahali nahitaji shangazi, maana jambo hili nimelibeba miezi minane na anayelijua ni mume wangu tu.

Naishi Galbet, hapa Garissa, nina watoto watatu. Mdogo wangu, nitamwita Qali, ni mwalimu na anaishi na mama yetu kule Waberi. Miaka minne iliyopita, baada ya kukonda na kuharisha na kutibiwa amiba isiyoisha, daktari mmoja Nairobi alimpima akasema utumbo wake haukubali gluteni, kile kitu kinachofanya donge la ngano livutike, kwa hivyo asile chapati, mahamri, sambusa, pasta, wala anjera iliyotiwa unga wa ngano, hata kidogo, maisha yake yote. Eddo, mimi sikuamini. Nilidhani ni madoido ya msomi. Nilikuwa nikimwambia, "Abaayo, dada yangu, kipande kimoja hakiui mtu," naye hujibu tu, "Wewe kula, mimi nimeshiba."

Mwaka jana Mungu akatujalia tukampeleka mama Umra, sisi mabinti wake wawili. Mama aliingoja safari hiyo tangu baba alipofariki, na kila akiomba dua alikuwa anataja Madina, afike amsalimie Mtume. Tiketi zilikuwa za bei ya chini, hakuna sanduku, ni begi la mkononi la kilo saba kwa kila mtu. Begi la Qali lilijaa nguo zake, dawa na nguo za mama, akaniomba nimbebee chakula chake: unga wa mtama, karanga na sufuria yake ndogo. Nilipolipima begi langu kwenye mizani ya duka likafika kilo tisa. Nikatoa chakula chake nikakiacha jikoni kwangu, nikabakisha abaya zangu mbili mpya, na sikumwambia mpaka tulipofika Makka. Aliniangalia, akasema, "Ungeniambia tukiwa nyumbani, ningepunguza nguo zangu." Nikamjibu kwamba nchi ya Waislamu haikosi chakula.

Umra tulimaliza salama. Siku tatu Qali aliishi kwa wali mweupe, tende, ndizi na mayai ya kuchemsha, na hakulalamika. Siku ya nne baada ya Adhuhuri tukaingia hoteli ndogo ya chakula, mama akatamani supu. Mimi ndiye ninayejua Kiarabu kidogo, kwa hivyo Qali akaniomba, "Abaayo, muulize mpishi kama ina ngano au shayiri." Foleni ilikuwa ndefu, watu wananisukuma mgongoni, mpishi ana haraka, nikaona haya kusimamisha watu wote kwa sababu ya tumbo la mtu mmoja, nikaagiza bakuli tatu nikarudi. Akaniuliza, "Umeuliza?" Nikasema, "Nimeuliza, haina." Akakoroga, akaona punje chini ya bakuli. "Na hizi?" Nikasema ni mchele uliovunjika. Eddo, walaahi sikujua ni nini. Akasema bismillahi akala, kwa kuwa aliyemwambia ni dada yake.

Kabla ya Magharibi alikuwa sakafuni mwa choo anatapika. Siku nne hakuweza kusimama. Nilirudi pale kuuliza nikiwa nimechelewa, mpishi akaniambia ni ngano ya kupondwa. Basi la Madina liliondoka asubuhi iliyofuata ile supu, na wenzetu wote wa msafara. Nilimwambia mama apande, mimi nitabaki na mgonjwa, naye akasema, "Siwezi kwenda kumsalimia Mtume na mtoto wangu nimemwacha hivi." Akakaa kando ya kitanda anamlowesha midomo kwa maji ya Zamzam. Siku ya tiketi ikafika, tukarudi Kenya bila kuiona Madina.

Miezi miwili baadaye mama alipata kiharusi. Miguu haifanyi kazi tena, na daktari amesema safari ndefu basi. Mama halaumu mtu. Lakini kila Ijumaa nikienda Waberi namkuta Qali anamkanda miguu, na kila mara anasema, "Hooyo, nisamehe, ni tumbo langu lililokuzuia Madina." Mama anamwambia hana kosa, yeye anarudia. Anafikiri alikula kitu kibaya yeye mwenyewe kwa kutokuwa mwangalifu. Mimi niko papo hapo nakunja nguo. Mume wangu Abdirizak ananiambia, "Mungu ni msitiri, wewe nani ujifunue? Utamuumiza mama bure." Nimetubu, nimefunga, nimetoa sadaka, na bado ile sauti ya Qali siiwezi. Niseme au ninyamaze?

Mwenye Majuto, Galbet

*

Mwanangu wa Galbet,

Waaleikum salaam. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimekuonea huruma, kwa sababu mtu asiye na moyo asingeandika haya. Lakini hukuniita shangazi ili nikupapase.

Begi ni kosa dogo. Wengi tungefanya vile kwa kutojua. Foleni nayo naielewa, haya imeshawafunga midomo watu wakubwa kuliko wewe. Kosa ni lile neno "nimeuliza". Ungesema "sikuuliza," Qali angesukuma bakuli, angekula ndizi yake, na mama angepanda basi. Mdogo wako hakuponzwa na tumbo lake. Aliponzwa na kukuamini.

Umetubu kwa Mungu, vizuri. Lakini haki ya mja hailipwi kwa kufunga. Kila Ijumaa dada yako anaomba msamaha wa kosa lako, mbele yako, nawe unakunja nguo. Abdirizak anakupenda, ila hapa amekosea. Kusitiri aibu ni jambo jema pale ambapo hakuna mwingine anayeibeba kwa niaba yako.

Kwa hivyo utasema. Anza na Qali, peke yenu, mume asiwepo. Usianze na uchovu wala urefu wa foleni. Sema, "Sikuuliza, nilikudanganya." Kisha mwambie na lile begi, kwamba ulilijaza abaya. Halafu siku hiyohiyo ingia kwa mama umwambie kwa mdomo wako, usimtume Qali. Unaogopa kumuumiza? Mama aliyeacha Madina kwa ajili ya mtoto mmoja ataweza kusikia ukweli wa mtoto mwingine. Chagua saa ambayo amepumzika, sema kwa upole na kwa ufupi. Habari ya mama kufanyiwa ziara ya Madina kwa niaba yake, kamuulize sheikh, mimi si mwenye elimu hiyo.

Na jikoni kwako utenge sufuria, mwiko na chombo cha unga wa mtama ambavyo ngano haitavigusa, umpikie humo akija. Asipotaka kula, usimlazimishe.

Wengine mnaosoma na mnaosafiri na mgonjwa kama huyu: chakula chake ni dawa yake, kinaingia begini kwanza. Nguo nzito zivaeni mwilini, msizipakie. Mkaandikiwe karatasi ya lugha ya huko mwendako isemayo kwamba ngano na shayiri zinamdhuru, aionyeshe mwenyewe kwa mpishi, asimtegemee mwenye haya. Mkikosa jibu la uhakika, wali mweupe na yai lililochemshwa ndani ya ganda lake vinatosha.

Turudi kwako, mwanangu. Qali anaweza kulia, anaweza kukufukuza, anaweza kukaa mwezi mzima bila kupokea simu yako. Usimwambie akusamehe haraka kwa kuwa nyinyi ni ndugu. Usimtumie shangazi wala sheikh wa kumbembeleza. Usingoje Ijumaa, nenda kesho akitoka shuleni. Ukimaliza kusema, nyamaza, ukae hapo mpaka yeye akwambie uondoke.

Eddo Samsam