Raga ya Kuinamiana

Jumamosi, 17 Januari
Saa kumi na mbili asubuhi tena. Chai, blanketi, kompyuta. Hapa Ulaya bado giza, kule Japani ni mchana. Timu ya Baraka imepigwa. Mechi ikiisha wanajipanga mstari, wanawainamia mashabiki. Umepigwa halafu unainama! Enzi zangu Nakuru, nikivaa jezi nambari nane, tukipigwa hatukusalimia mtu. Mwanangu wa kumzaa anachezea timu ya kiwanda. Asubuhi wenzake wanakaza nati, jioni wanasukumana. Hiyo si raga. Nilimtafutia klabu Ufaransa, akakataa. Shauri yake.

Jumanne, 10 Februari
Nimepita dukani kwa Maman Zuhura, Porte de Namur, mtaa wa maduka ya Waafrika hapa mjini. Mrundi. Ndiye aliyemlea Baraka mama yake alipofariki. Mdomo hauna kufuli. "Papa Baraka, mutoto iko muzuri?" Nikamwambia anaanza kila mechi. Uongo. Wiki tatu simwoni uwanjani. Baraka anasema kocha anabadilisha wachezaji. Kocha mjinga. Wote wajinga.

Jumapili, 29 Machi
Aibu, aibu, aibu. Nimealika wanaume wanne wa kazini waje wamwone. Mandazi mezani. Saa kumi na mbili na nusu, hakuna mechi. Kumbe leo Ulaya imesogeza saa mbele, na Wajapani hawachezei saa zao. Bado saa nzima. Tukakaa kutazama matangazo ya kabla ya mechi. Kamera ikaenda kwenye lango la kuingilia uwanjani. Kule wasiopangwa hupelekwa langoni kukaribisha mashabiki. Nani yule mwenye suti, kilo mia na kumi, anawagawia vikongwe vipepeo vya karatasi vya kujipepea? Tena kwa mkono wa kushoto! Mtoto niliyemfunza adabu mwenyewe. Wanaume walicheka mpaka chai ikawapalia. Nikajifungia bafuni, nikamtumia ujumbe wa sauti. Nikamwita bawabu. Nikasema mimi sikuzaa bawabu, asitumie jina langu tena.

Ijumaa, 3 Aprili
Ameusikiliza ujumbe, alama za simu zinaonyesha. Hajajibu. Kiburi. Sijui amekitoa wapi.

Jumamosi, 11 Aprili
Maman Zuhura kaniita nyuma ya duka. Baraka aliumia bega la kulia Januari. Wamempasua. Alilala hospitali peke yake, kisha akarudi kusimama langoni maana timu ni timu. Maman anajua tangu Februari. Siku ile ananiuliza alikuwa anajua! "Alisema utamuchekelea, bon, nikanyamaza." Nikamjibu kwamba mchezaji anayeficha jeraha ni mpumbavu. Akanipa mgongo, akarudi kwenye kaunta. Afadhali angenitukana.

Nikaenda kazini. Nikasimama mlangoni pa ofisi za watu, barabara ya Chaussée d'Ixelles, nikawafungulia. Bonjour, bonjour. Miaka kumi na tisa. Bawabu ni mimi, na mdomo wangu mchafu.

Jumatano, 22 Aprili
Nimempigia mara tatu. Inaita, haipokelewi. Mmoja wa wale wanne wa kazini kaniuliza leo kama mwanangu bado anagawa vipepeo. Nikamwambia akafie mbele. Mpumbavu mkubwa, hajawahi kukimbia hata kuwahi tramu.

Jumamosi, 9 Mei
Mechi ya mwisho. Wakipigwa wanashuka daraja. Wamepigwa kwa pointi mbili. Wakajipanga, wakainama, Baraka mwishoni mwa mstari na suti yake. Wenzake walishainuka, yeye bado ameinama. Niliona mgongo wake ukitetemeka. Ningekuwa karibu ningemshika. Nimempigia. Haipokelewi.

Ijumaa, 15 Mei
Nilienda kununua maharage. Simu ya Maman Zuhura ikalia, akaipokea, akacheka kwa furaha. Nikaisikia sauti. Ni yeye. Nikanyoosha mkono juu ya kaunta.

Maman akanitazama, kisha akasema kwenye simu, polepole, "Papa yako iko hapa. Utaongea naye?"

Akasikiliza. Akaibana simu begani bila kunipa, akaendelea kunipimia maharage.