Baba Wabwile, Uliyesimama Chini ya Slabu

Mwaka mmoja umepita sasa, Baba Wabwile, tangu ututoke Agosti ya 1993. Baada ya mazishi, kitu cha kwanza nilichoona ni kuku. Walikuwa wamerudi kulala juu ya mbao za ujenzi kwenye yadi yetu ya Kitale, na hakuna aliyewafukuza kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Ulianza na toroli moja, wewe na mdogo wako, Baba Makokha. Mkajengea watu nyumba Kitale, mkajenga Bungoma, mpaka kaka yetu Kundu akakua akaingia kazini. Kila nyumba uliyokaribishwa ulikuwa unagonga ukuta kabla ya kusalimia. Mama alikuwa akiona haya.

Siku ya kutoa nguzo za muda zinazoshikilia slabu, ile sakafu ya zege ya juu, ulikuwa unaingia wewe kwanza. Ulisema, "Siwezi kutuma mtoto wa wenyewe mahali mimi sijasimama." Unasimama katikati, fundi Thuo anagonga nguzo moja moja, na sisi tuko nje.

Ulipokuwa umelazwa, Kundu alimwaga slabu ya ile gorofa ya Bungoma, na mvua ikaipiga kabla haijashika. Tulipokuzika, Baba Makokha akataka ivunjwe.

"Simiti imeoshwa hiyo. Utaua watu, uue na jina la ndugu yangu."

"Tuliifunika, Baba Mdogo. Kama huniamini, chukua malori yako ubaki na Kitale yako."

Tangu siku hiyo hawakula meza moja. Sisi wa nyumbani tulijua: ikianguka, ama ikivunjwa kwa matusi, kampuni uliyoijenga imekwisha.

Siku ya nguzo ikafika. Mafundi wakabaki nje. Thuo akauliza, "Mzee angekuwa ndani saa hii. Sasa nani anaingia?"

Kundu akamwangalia Baba Makokha. Baba Makokha akamwangalia Kundu.

Ndipo Mama, ambaye hakuwa na mazoea ya kuja mjengo, akabeba debe tupu la rangi, akaingia, akaligeuza, akalikalia.

"Thuo, toa."

"Mama, toka huko, bana!" Thuo akasema.

"Nimepikia hii kampuni tangu hujajua kushika nyundo. Toa."

Kundu akakimbia ndani. Baba Makokha akamfuata akinung'unika, "Ati nibaki nje nizike watu wawili? Songa huko, mjinga wewe."

Nguzo ya kwanza ikatoka. Nyingine ikalia kwanza, ndipo ikatoka. Vumbi likamwangukia Mama kwenye kitambaa cha kichwa, hakulipangusa. Ya mwisho ilipolala chini, hakuna aliyepiga makofi. Walibaki humo ndani, wote watatu, wakiangalia juu. Slabu ilikuwa imetulia.

Kampuni bado ni moja, Baba. Wanagombana, lakini siku hizi wanagombana mezani, chakula kikiwa mbele yao.

Unakumbukwa na mke wako Jerop, ndugu yako Makokha, mwanao Kundu na mkewe Edah, wajukuu, fundi Thuo na mafundi wote wa Kitale na Bungoma. Maisha yetu yote tutakuwa nawe moyoni.

Nami Jentrix, kitindamimba wako, sijawahi kulisema hili kwa sauti. Kila ulipoingia chini ya slabu, nilikukasirikia sana. Nilitaka utume mtu mwingine, Baba. Mtu yeyote, mradi wewe ubaki na sisi.