Vidoti Langoni

Jumapili, 5 Mei

Vidoti vitatu! Vyeusi, saizi ya kichwa cha pini, upande wa kulia wa tivii. Mama kasema ni kinyesi cha nzi. Nikakwangua na ukucha. Nikalamba kidole nikasugua. Wapi! Viko ndani ya kioo.

Ningeviacha. Mimi si mtu wa kubabaishwa na vidoti. Lakini mchana dada kapiga simu — Jumamosi anadaka! Kipa wao namba moja kavunjika kidole, na mechi inaonyeshwa moja kwa moja. Mechi hiyo moja tu. Yule akipona, dada anarudi benchi kuota sugu makalioni.

Kasema nimwombe mama amtazame. Mwaka wa pili sasa mama hapokei simu yake. Amwone kazini mara moja tu, basi. Akishamwona na bado hamtaki, yeye hatapiga tena.

Sauti yake haikuwa ya utani. Nikamwambia: niachie mimi.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemwambia mama akikunja nguo. Kajibu hana mtoto anayevaa kaptura mbele ya watu. Shuka moja kaikunja, kaikunjua, kaikunja tena. Halafu — saa ngapi hiyo mechi?

Ushindi! Nani kama mimi?

Ila kaweka sharti. Hapahapa sebuleni, mlango umefungwa. Kwa Mama Pacha jirani, mwenye tivii kubwa kama mlango wa kabati, haendi. Maana mtaa mzima alishawaambia dada yuko kwa shangazi anajifunza cherehani. Miaka miwili ya cherehani! Mama Pacha ameshaanza kuuliza gauni lake litakuwa tayari lini. Na simu yetu ni ya kubonyeza, haionyeshi hata picha ya kuku.

Kwa hiyo ni tivii hii au basi.

Vidoti vimekuwa vitano. Vyote palepale, mahali lango la kulia linapokaaga.

Jumanne, 7 Mei

Kwa Fundi Miwani. Nikamwambia nimekuja tushauriane, mafundi wawili. Kanitazama juu ya miwani. Kauliza si mimi niliyetengeneza redio ya kinyozi ikatoa moshi? Nikasema moshi wenyewe ulikuwa kidogo.

Kaanza somo. Eti hivyo vinaitwa pikseli. Kioo kizima ni vitaa vidogovidogo, malaki. Kitaa kikiganda kwenye rangi, nyekundu au kijani, kinaweza kuamshwa: unaweka video ya rangi zinazopepesa, au unakikandamiza polepole na kitambaa laini. "Ila—"

"Najua, najua," nikasema. Nilishafika mlangoni. Kapiga kelele nyuma yangu, pikipiki ikapita, sikusikia. Mtu akishaelewa kaelewa. Shule niliiacha, akili haikuniacha.

Muuza filamu wa kona kaniwekea video ya rangi kwenye flashi. Mchana kutwa sebule imewaka kama gari la zimamoto. Mama kajifunika taulo usoni akaniuliza kama nataka kumuua.

Vidoti vitano. Vinanicheka.

Jumatano, 8 Mei

Nimechukua kifuniko cha kalamu, nikakizungushia fulana yangu safi, nikakandamiza. Kioo kikacheza kama maji kwenye beseni. Nikaondoa — kidoti kimoja hakipo!! Nikacheza dansi peke yangu. Injinia! Hospitali ya tivii!

Nikaenda cha pili. Kigumu. Nikaongeza nguvu.

Tik.

Kasauti kadogo tu, kama punje ya mchele mkavu chini ya jino. Palipokuwa na kidoti pakaja doa. Jeusi, pembeni zambarau. Saizi ya kifuniko cha soda. Nikafumba macho nikafumbua. Saizi ya kiganja.

Nimefunika tivii na kitambaa cha meza. Nimemwambia mama ni kwa ajili ya vumbi. Kanisifu!

Alhamisi, 9 Mei

Limekuwa sahani.

Sijala.

Ijumaa, 10 Mei

Nimerudi kwa Fundi Miwani, safari hii bila maringo. Nimesimulia yote. Kaweka bisibisi chini.

"Nilikupigia kelele gani juzi?"

"Sikusikia, mzee."

"Nilisema vyeusi usiguse! Chenye rangi kimelala. Cheusi kimekufa. Wewe umekwenda kumkanda maiti."

Wino wa kioo umevuja ndani, kasema. Hauzibiki. Kioo kipya ni sawa na tivii mpya. Na ikiwaka inapata joto, joto linausukuma wino, kwa hiyo nisiiwashe mpaka mechi ianze. Nikamwomba aniazime moja ya zile zilizojaa kibandani. Kasema zote ni za watu, na hakuna hata moja yenye picha na sauti kwa pamoja.

Nimefika nyumbani, kitambaa cha meza kiko mezani. Mama kakaa mbele ya tivii. Nilitamani anitukane. Ananitukana kila siku kwa mambo madogo, kwa nini leo asinitukane? Kasema tu, kwa sauti ya chini: "Hata hili, mwanangu?"

Dada katuma ujumbe: mama kakubali?

Nimejibu: kakubali, kila kitu shwari. Mkono huuhuu umeandika hivyo. Ningeweza kuukata.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika mapumziko. Siwezi kukaa bure.

Saa kumi kasoro mama kafunga mlango kwa komeo, kavuta mapazia. Kavaa gauni la kutokea. Kwa ajili ya tivii! Nimemeza mate, nimewasha.

Theluthi nzima ya kulia ni giza. Wachezaji walipopita mmojammoja, kila sura iliingia kwenye doa ikazama. Nikaomba: lango la kushoto, lango la kushoto. Wakampa la kulia! Malango mawili tu duniani, na sisi tumepata hilo.

Mtangazaji anamwita Sumaku. Mama kauliza huyo ni nani. Nikamwambia ni dada, kwa sababu mpira unanata mikononi mwake. Kasogeza kiti. Mpira ukaenda gizani, watu wakapiga kelele. "Sumaku ameokoa!"

"Ameokoa nini?"

"Mpira, mama."

"Ameumia?"

"Hajaumia."

Mara moja kamera ilimvuta karibu. Nusu ya uso ikazama, tukaona sikio na msuko mmoja. Mama kasema: "Amesuka. Nani anamsuka huko?" Dakika arobaini na tano katazama giza, hajageuza shingo.

Na nyuma ya ukuta, kwa Mama Pacha, walikuwa wanashangilia. "Su-ma-ku! Su-ma-ku!" Mama Pacha mwenyewe, namjua kwa sauti. Hajui anamshangilia mshona magauni wake.

Bila kwa bila. Sasa wanabadilishana malango! Dada anakuja kushoto, kwenye kioo kizima! Nimemwambia mama, kanishika mkono. Lakini doa limeshafika katikati. Nalipepea na gazeti. Pole kioo, pole, dakika arobaini na tano tu, nakuomba kama mzazi wangu.

—

Wameanza. Nilimwona! Mzima, miguu na yote, kaptura ya njano, anapaza sauti kupanga mabeki. Mama kasema, "Amekonda." Halafu mstari ukashuka juu mpaka chini. Halafu mwingine. Halafu giza, lote.

Sauti tu imebaki. Nimezima, nimewasha, nimepiga mgongoni. Sauti tu.

Mtangazaji: penalti! Dhidi yao! Mpigaji kaumia, daktari kaingia uwanjani, wanasubiri. Kwa Mama Pacha kimya kabisa. Nimesema, mama, nisamehe. Kainuka, kavuta komeo, kaufungua mlango nusu.

Daktari anatoka. Mpira unawekwa.

Mama yuko kizingitini, uso kaelekeza kwa Mama Pacha. Kiatu kimoja kaingiza mguuni. Cha pili bado kakishika mkononi.